Daraja C

Lori ni lako, akasema yule wa dirishani,
kitabu kina jina lako, bima ina jina lako,
lakini leseni haiulizi mwenye gari.
Inauliza uzito.

Nikamwambia sibebi mzigo wa mtu.
Ni mizinga yangu arobaini na mitatu
na tangi la maji, niwapelekee nyuki Sultan Hamud kiangazi.
Sitozi nauli. Sina bango ubavuni.
Akagonga muhuri kwenye karatasi ya mwingine,
akasema bila kuniangalia:
Mama, mteremko hausomi risiti.

Basi nikaanza upya, na miaka yangu hamsini na mmoja,
mwenye daraja B tangu enzi za kijitabu chekundu.
Nikapimwa macho Kariobangi.
Nikakaa darasani Donholm na vijana wa ndevu changa,
tukisukuma kigari cha plastiki juu ya mji wa ubao
usio na vumbi, usio na mashimo, usio na mtu.

Otiato ndiye aliyenipandisha kwenye chuma chenyewe,
nyuma ya maghala ya Lunga Lunga,
Otiato wa kidole kimoja kifupi, ambacho hakukieleza.
Hii si breki ya mafuta, akasema.
Gari dogo unalikanyaga ndipo linashika.
Hili limeshika tangu jana.
Springi zimeuma magurudumu,
kazi ya upepo ni kuzibembeleza ziachie.
Upepo ukiisha, haliendi.
Litasimama hapo hapo, katikati ya barabara,
kama punda aliyekataa.

Nikamwomba arudie. Alidhani sijaelewa.
Nilikuwa nimeelewa mno, Muthiani.
Asubuhi ile mtungi wako wa oksijeni uliponyamaza
nyumba nzima ilishika breki.
Vikombe vilikaa kwenye sinia hadi Juni.
Lori lilikaa Njiru chini ya turubai,
kuku wakataga kando ya ekseli.
Nthenge, ndugu yako, alileta mnunuzi mara mbili;
walipiga teke matairi, wakanywa chai yangu,
wakazungumza bei kana kwamba mimi ni mlango.

Otiato ana shairi lake, hulighani akisafisha meno kwa njiti:

*Jaza tangi usikie, mlio umenyamaza,
mshale uangalie, hadi mia kutimiza,
kanyaga uachilie, mara moja ukikaza,
pumzi isikimbie, si maji utaijaza.*

Mtahini alikuja na kalamu mbili na koti la mvua.
Akasema: zima injini. Sasa umalize upepo.
Nikakanyaga, nikaachia. Nikakanyaga.
Mshale ukashuka, mia, themanini,
kwenye sitini king'ora kikalia,
kelele ya kukera, nyembamba, kama mtoto aliyenyimwa.
Nikaendelea. Mguu ulitetemeka, nikaendelea.
Mara kitufe cha njano kikaruka chenyewe kutoka kwenye dashibodi,
*tsss*,
lori likashusha mabega.

Mtahini alikuwa akiandika.
Mimi nilikuwa nikilia, kidogo tu, kwa jicho la upande wa dirisha.
Washa, akasema. Ngoja lijae.
Tukangoja. Tulikaa pale wawili
tukisikiliza pampu ikivuta hewa ile ile ya Industrial Area,
ya rangi, ya sabuni, ya ngozi mbichi,
ikiipeleka gizani kwenye tangi.
Sikujua kungoja kunaweza kuwa kazi
inayoandikiwa alama.

Breki umefaulu, akasema mwishowe.
Kupanda mlima umefaulu.
Kurudi nyuma umeangusha milingoti mitatu. Njoo Jumanne.

Nthenge alicheka hadi akakohoa.
Acha acheke.
Kila alfajiri natambaa chini ya lori Njiru,
navuta kile kiwaya cha tangi, maji yanachuruzika,
maji yaliyotoka kwenye hewa tupu, ya kahawia, vijiko viwili vitatu.
Nafuta mikono. Napanda. Najaza.
Kwenda mbele najua.
Kurudi nyuma bado nafundishwa.