Juu Chini

Jumanne jioni, Dundee, ghorofa ya tatu
ya kiwanda kilichofuma magunia zamani.
Jua limezama tangu saa kumi kasoro,
wala halikuaga.
Tuko sita, na hita moja inayokohoa.
Bi Ishbel anabandika picha ukutani:
mwanamke wa miaka mia nne iliyopita,
kola nyeupe, jina halijulikani, wala la aliyemchora.
"Basi hamna wa kumwonea haya," asema.

Anagawa brashi. Nauliza ni manyoya ya nini.
Ya nguruwe. Anazirudisha mkebeni bila neno,
ananitafutia za nailoni,
kavu kama kauli ya mdai.

Turubai kwanza hupakwa udongo, rangi ya chai iliyopoa.
Kisha kijani.
Kijani, usoni?
Chini ya kila shavu lililoiva kuna kijani,
la sivyo nyama haipumui.
Wiki tatu mwanamke wangu alikaa hivyo,
kama aliyeopolewa mtoni.

Ya nne akapindua vyote, picha na turubai, kichwa chini.
"Usichore pua. Pua unaijua, itakudanganya.
Chora kivuli kilichopakana na mwanga."
Nikachora pembe, doa, mkunjo,
vijinchi vya kahawia visivyogombania mpaka.
Mafuta ya kitani yakaninukia vidoleni
hadi ndani ya basi, hadi kwenye mto wa kulalia.

Leo tumegeuza.
Kola ni yenyewe. Paji ni lenyewe.
Mdomo ni wa Somoe, dada yangu,
tuliyenuniana mwaka wa tisa huu
kwa cherehani ya mama.
Hata ule upande wa kushoto, unaoshuka
kabla hajasema jambo la kweli.
Sikumwita. Nilikuwa nahesabu vivuli.

Jirani yangu Lachlan, dereva mstaafu wa treni,
anacheka: wake ametoka na masikio ya bosi.

Bi Ishbel amefumba jicho moja.
"Mdomo umeteleza. Milimita mbili.
Kitambaa kile pale, rangi bado mbichi, itafutika."
Rangi ya mafuta haina haraka, itangoja hadi Alhamisi.
Nimechovya kitambaa kwenye tapentaini.
Nimekishika.
Nimekishika hata kimekauka,
hita imezimwa, wenzangu wanavaa makoti.

"Wiki ijayo?" auliza, mkono kwenye swichi.
Wiki ijayo, nasema,
nashuka ngazi nikijaribu kukumbuka
cherehani ile ilikuwa nyeusi
au kijani.