Kilo Mbili za Maji

Ukumbi wa ushirika, Moshi, saa nne asubuhi.
Mtaalamu wa mataifa katundika ramani ukutani,
kahesabu manowari, visima vya mafuta, watu kwa mamilioni.
"Hii ndiyo nguvu," akasema,
akizungushia duara nchi za wakubwa.
Yetu kalamu iliipita
kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Hesabu zake zilikuwa safi, sina ugomvi nazo.
Nilikaa nyuma, jirani na birika la chai,
vumbi la maganda bado limo nyusini.
Miaka thelathini na mmoja nasimamia mizani
pale kiwanda cha kukoboa kahawa,
na kuna jambo nilitaka kusema
ila mkono ulikataa kunyooka.

Mwaka ule bei ilipoanguka
magunia yalianza kuja mazito.
Usiku mtu ananyunyiza, asubuhi anapima,
anaondoka na malipo ya kilo mbili za mto.
Tulijua sote. Tulicheka: "Mzungu atajua nini?"
Nami niliandika namba kama mshale ulivyosema,
maana mshale haulambi, hauonji.

Ng'ambo, kahawa ikafika na ukungu.
Muonjaji, mtu asiyewahi kukanyaga tope la Kibosho,
akatema kwenye ndoo, akashika karatasi.
Hakuandika jina la aliyenyunyiza.
Hakuandika jina langu.
Aliandika jina la nchi.

Msimu uliofuata magunia yetu yalipasuliwa kwa kisu,
moja baada ya jingine,
hata la Aikande wa Uru,
mjane aliyeanika siku kumi na moja,
akikimbiza mikeka ndani kila wingu lilipotia shaka,
akilala kando ya kahawa kama kando ya mgonjwa.

Nakumbuka alivyoutazama mshale. Haukufika alipotarajia,
na ada ya mtoto ilikuwa inangoja.
Nikamnong'oneza, Mungu anisamehe:
"Mama, ungenyunyiza kidogo tu. Nani angejua?"
Akafunga kanga yake upya, taratibu.
"Wewe ungejua. Na mimi.
Tayari tumeshakuwa wawili."

Ilichukua misimu saba.
Hakuna bendera iliyopandishwa, hakuna gazeti lililoandika.
Siku moja tu, mnadani, mnunuzi mmoja
alisoma jina la nchi ubavuni mwa gunia,
akatia saini,
na kisu chake kikabaki mfukoni.

"Kuna swali?" aliuliza mtaalamu.
Watu walikuwa wameanza kutafuta kofia zao.
Nikanywa chai iliyopoa, nikarudi kazini.

Alasiri akaja kijana, Ndekirwo, na pikipiki ya kuazima.
Nikatumbukiza mkono guniani hadi kiwiko.
Ubaridi.
"Kilo mbili tu, mzee," akasema,
na macho yake yalikuwa ya mtu anayedaiwa, si ya mwizi.
Nikatazama mshale.
Nikatazama barabara ya kupanda Uru, ndefu,
na jua lililobaki, dogo.

"Karudishe ukaanike," nikamwambia.
"Jumapili nitakuja,
tugeuze wote."