Kwa Bledar, Usiku Wake wa Kwanza Maabarani

Vua pete, Bledar. Pete hukwaruza,
na mkwaruzo husema uongo.
Hapa Porcari watu wanadhani karatasi ya chooni hujiotea
kama uyoga baada ya mvua. Waache wadhani.
Sisi tuna mizani, maji, mkasi
na saa nane za kutoamini.

Kata, kumi kwa kumi. Pima.
Gramu kumi na saba kwa mita mraba: ndivyo tulivyoahidi.
Kumi na sita ni wizi,
wizi usiopigiwa yowe,
maana nani atapiga kelele za mwizi
kwa unyuzi mmoja uliopungua?
Hesabu vipande. Pakiti ikisema mia mbili, viwemo mia mbili.
Mimi nimehesabu mpaka ndotoni.
Alvaro, mume wangu, alikuwa akiamka
ananikuta nimeshika shuka kwa mikono miwili,
nalivuta pembe kwa pembe,
nangoja lichanike.

Kisha maji.
Ya chooni itie chupani, tikisa;
iwe uji mwepesi, mabomba yasitulaani.
Ya jikoni, kinyume: ilowe, ikamuliwe, na bado isimame.
Ndugu wa rojo moja hawa,
mmoja tunamtaka afe majini, mwingine aogelee.
Usiwachanganye.
Desiderio aliwachanganya, mara moja tu,
na hoteli nzima kule Viareggio
ikaziba ghorofa tatu, msimu wa wageni.

Sasa zima taa.
Washa ile ya urujuanimno. Sogea.
Karatasi njema hukaa kimya gizani,
kama mtu aliyeshiba kwake.
Kibaya chajitembeza, wasema. Humu ndani
kibaya hung'aa.
Ukiona samawati, vichembe vichembe,
ujue ni karatasi kuukuu, risiti, bahasha, dawa ya weupe,
imejipenyeza kwenye leso ya kufutia midomo.

Niliiona, Februari moja.
Vichaga arobaini na viwili vimeshafungwa,
lori linaunguruma uani, dereva anatafuna mkate.
Msimamizi Giusfredi akashika kiuno:
"Ornella, nani anakula leso?"

Sikuwa na jibu la kitabuni.
Kijitabu cha vipimo kinataja miligramu,
hakitaji mama yangu, mwaka wake wa mwisho,
alipokuwa hatofautishi tena kijiko na kidole,
akiitafuna leso mezani, polepole, kwa adabu,
akinitazama
kana kwamba nimempikia.

"Mama yangu," nikasema. "Mama alikula."

Hakunijibu. Akatoka nje bila koti.
Baadaye nikasikia injini ikizimika,
na foko ikirudisha kichaga kimoja kimoja
kwenye pipa la kusagia.
Marupurupu ya mwezi ule nilikatwa,
nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa wengine.
Na Giusfredi hakunisalimia hadi Pasaka.

Basi. Washa taa, andika: saa, jina, namba ya roli.
Andika kwa kalamu ya wino. Penseli ina huruma nyingi.

Kimebaki kipimo kimoja.
Mashine ya ulaini tunayo, ile kubwa yenye kifuniko,
ghali kuliko gari langu,
lakini neno la mwisho bado ni la mkono,
na mkono wangu, utazame, umekauka.
Miaka ishirini na sita ya vumbi la karatasi;
kila kitu ukikigusa unakiona kikavu,
hata shavu la mjukuu.
Ndiyo sababu wamekuleta wewe.

Fumba macho. Tumia mgongo wa vidole.
Usiniambie unachodhani nataka kusikia.

Hapana, Bledar. "Laini" si jibu.
Laini kama nini?