Andika na Baridi

Asubuhi Uyole, umande bado umeyakalia mabati,
fundi Subilaga anapuliza vidole
kabla ya kushika mita.
Gitaa la kwaya liko mezani, kifua wazi.

Koili mbili, pacha waliolala mzungu wa nne,
huyu kichwa huku, mwenzie kule,
ili mvumo wa transfoma ya mashine ya kusaga
ukiingia kwa mmoja ufutwe na wa pili.

Anagusisha waya mwekundu, anagusisha mweusi.
Kiloomu saba nukta tisa.
"Andika," ananiambia. "Andika na baridi."
Naandika: baridi.

Saa saba jua limefika mezani. Anapima tena.
Nane nukta mbili.
Na hakuna aliyeongeza hata unywele wa shaba.

"Mita yako mbovu," anasema Anyitike, mpiga solo,
koti la sufu bado limefungwa hadi kidevuni.

Fundi hajibu upesi. Anafunika koili kwa kiganja,
namba inapanda kidogo,
anaondoa kiganja.

"Sisi baridi hutukaza, baba.
Shaba ikipoa huacha njia."

Anyitike anafungua kifungo kimoja.
Henri tutapima kesho,
betri imekwisha.