Kiini Sifuri

Mwezi wa saba, Nkuhungu. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango. Nimevaa soksi mbili kwa mbili
nasubiri kompyuta ipate joto.

Haipati.

Nimeinunua kwa mkopo wa saccos, viini kumi na sita;
muuzaji aliniapia: kumi na sita, kaka, hii ni trekta.
Kazi nimeigawa vizuri: mavuno ya uwele,
Bahi, Chamwino, Kongwa, miaka thelathini,
sampuli elfu kumi za kuchota na kurudisha,
kila kiini na fungu lake.

Nafungua kipimo cha mzigo.
Kiini sifuri: asilimia mia, kinahema.
Kinachofuata: sifuri. Kinachofuata: sifuri.
Cha mwisho kimelala fofofo, mgambo wa saa tisa usiku.

Nikashuku kumbukumbu; imejaa nusu tu.
Nikashuku diski; imetulia.
Nikashuku msimbo wangu, nikausoma kwa kidole
kama mtoto wa darasa la pili.
Nikaongeza wafanyakazi, wakawa thelathini na wawili.
Kazi ikazidi kusuasua.

Ndipo nikakumbuka Hombolo, msimu wa zabibu,
mjomba Chidawali na vibarua wake kumi na sita.
Ukipita barabarani ungesema shamba linawaka.
Kumbe mkasi ni mmoja.
Mmoja anakata kichala, kumi na watano
wanamtazama, ndoo mikononi, jua utosini,
na mjomba anafoka: mbona hamwendi, nawalipa!
Sechelela, aliyekuwa na zamu ya mkasi,
akamjibu bila kugeuka:
“Hesabu mikasi, Chidawali. Watu umeshawahesabu.”

Basi nikahesabu mikasi.

Ilikuwa maktaba ya hesabu za matriki.
Ilipoamka tu, kabla sijagawa chochote,
iliufunga mchakato mama kwenye kiini sifuri,
na watoto wote wakazaliwa na kamba ileile shingoni.
Wote kumi na sita, kiini kimoja,
wanapokezana pumzi.

Mstari mmoja wa kufungua kamba. Herufi hazifiki arobaini.
Nikabonyeza.

Feni ikanguruma mpaka jirani akagonga ukuta.
Nguzo kumi na sita zikapanda hadi juu.
Nikapeleka viganja nyuma ya boksi,
penye matundu ya hewa,
nikaota moto.

Luku ikaanza kulia. Uniti mbili.