Uvumi

Metodi alinipigia simu kutoka Varna:
"Mashine ya baba inanguruma. Nikiongea naye
naisikia nyuma ya sauti yake, nyuki kwenye kopo.
Nenda kainyamazishe. Nitalipa."

Gabrovo, Februari. Theluji imegeuka tope.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Mzee Stoil akanifungulia na kusema, kabla sijajitambulisha,
"Viatu vyako vimelowa. Kuna ndara kushoto."

Sebuleni hakuna taa. Ya nini?
Macho yalimwondoka mwaka ule kiwanda cha nguo kilipofungwa;
husema hivyo, kana kwamba vyote viwili
viliandikwa kwenye barua moja.

Nikawasha kompyuta, rangi ya jino la mvuta sigara,
nikatega sikio kwenye spika.
Chini, mmm, umeme wa ukutani.
Juu yake kitu chembamba, kikilia kila nilipogusa kipanya.
Diski ikisoma: trrr, trrr, kuku anaparura bati.
Lisemwalo lipo, nikawaza. Kadi hii ya sauti
inatangaza siri za majirani zake wote.

Nikafungua. Vumbi la miaka thelathini.
Kadi ilikuwa imebanwa ubavuni mwa kadi ya picha;
nikaihamishia nafasi ya mwisho.
Kapasita nne zilivimba vichwa. Nikazing'oa,
nikalehemu mpya, chumba kikanuka msonobari.
Tundu la maikrofoni lilikuwa wazi, likisikiliza hewa: nikalizima.
Waya wa sidii, hauna kazi: nikauchomoa.
Spika na kompyuta zilikula kwenye soketi mbili,
kila moja na ardhi yake, na ardhi hizo hazikupatana.
Nikazichomeka pamoja.

Nikawasha.
Hakuna kitu. Sahani iliyooshwa.
Nilisubiri sifa, sitaficha.

Mzee Stoil akakaa. Akabonyeza. Akasubiri.
Akageuza kichwa, akabonyeza tena.
"Imekufa?"
"Inafanya kazi."
"Unajuaje?"
Nusura niseme, naona.

Akanieleza taratibu.
Ile sauti ya mashine humsomea maneno, ndiyo, lakini huchelewa,
na uvumi huwa umeshafika.
Trrr ndefu: barua inafunguka.
Trrr fupi: haipo, amekosea jina.
Kile chembamba kikipanda, skrini imejaa maandishi;
kikishuka, imebaki tupu.
"Sasa," akasema, "ni kama kuandika ndani ya gunia."

Kapasita mbovu sikuzirudisha, zingekuja kupasuka.
Nilitoboa tundu nyuma, nikaweka swichi ya ukubwa wa punje ya mahindi,
na waya mmoja kutoka pale umeme mchafu unapopita,
nikaufunga rezista ili usipige kelele kuliko adabu.
Juu, kimya, kwa ajili ya Metodi na simu zake za Jumapili.
Chini, uvumi.
Nikauongoza mkono wake mpaka pale.
Vidole vikaigusa mara mbili, havikusema neno.

Ankara nilimwandikia Metodi: kelele, zimeondolewa.
Si uongo. Si ukweli wote.

Nilikuwa ukumbini nafunga kamba, viatu bado vibichi,
niliposikia swichi ikishuka,
halafu trrr,
ndefu.