Nukta Sitini na Tatu

Picha imeingia saa mbili kasorobo, kabla ya chai.
Ibra nzima kutoka juu: wadi imekauka,
mitende imebanana kando ya falaji,
nyumba kongwe za udongo zina rangi ileile ya jabali,
hata hujui ukuta umeishia wapi na mlima umeanzia wapi.

Kazi yangu ni kuikata. Si kwa mkasi.
Kila nukta naiambia: tazama jirani zako,
chukua wastani wao, sogea ulipo wastani huo,
tazama tena, sogea tena,
mpaka pasiwe na pa kusogea.
Zitakazotua pamoja, hizo ni shamba moja.

Lakini jirani ni nani?
Hapo mashine hunirudishia swali:
visanduku vitatu vitupu, kistari kinapepesa.

Cha kwanza, umbali.
Nikaweka tatu, kila mtende ukajitangazia dola.
Nikaweka arubaini, ikakesha ikihesabu.
Asubuhi kompyuta ya moto kama birika,
na shamba la kina Muhenna limeungana na makaburi.
Nikarudi kwenye kumi. Kumi si haki wala dhuluma.
Ni kumi tu.

Cha pili, rangi: tofauti kiasi gani tuivumilie?
Mwongozo ulisema kumi na tano,
na kumi na tano nikaandika, kwa utiifu wa mwanachuo.
Kioo kikatapika changarawe.
Siku mbili nimenuna.
Ghaniya wa meza ya dirishani akaja na kikombe chake,
akanicheka kwa Kiswahili,
lugha ambayo bibi zetu walirudi nayo Omani
kama mzigo usiolipiwa ushuru:
"Mwenzangu, mwongozo unapima kwa kibaba,
wewe umebeba gunia!
Rangi zao zinaishia mia mbili hamsini na tano,
zako zinafika elfu mbili."
Nikazidisha mara nane. Mia na ishirini.
Changarawe ikashikana, ikawa mashamba.

Cha tatu sikukifikiria.
Udogo unaoruhusiwa: kilicho chini ya hapa
kimezwe na jirani anayefanana naye zaidi.
Mia, nikaandika, mkono mmoja ukitafuta kashata.
Ramani ikapendeza. Mkuu akaigonga muhuri.

Jumanne akaja Bi Rayya binti Sleyum,
na karatasi ya mirathi ndani ya mfuko wa plastiki.
Khalas mitatu, khasab miwili, mndimu mmoja,
na nusu saa yake ya maji ya falaji,
ambayo wenyewe huiita athar.
Kwenye ramani yetu hakuna athari.
Shamba lake limemezwa na ukingo wa wadi,
kahawia ndani ya kahawia.

Hakupiga kelele.
Aliinama, akaweka kidole kwenye kioo,
kidole chenye hina iliyochujuka.
"Hapa. Jana nimemwagilia."

Nikaifungua picha mbichi, nikahesabu:
nukta sitini na tatu.
Thelathini na saba zimepungua
kumfanya mtu awepo.

Sasa Ghaniya anasema: punguza, ni rahisi.
Nimepunguza. Nimeweka sitini.
Bi Rayya amerudi, kijani, mwembamba kama ukucha.
Lakini amerudi na umati:
maturubai ya soko la wanawake la Jumatano,
zizi la mbuzi, kivuli cha tangi la maji,
basi la shule lililoegeshwa peke yake,
kila kimoja kinadai ni shamba.

Mkuu anataka namba moja itakayofaa wilaya nzima,
aiandike kwenye ripoti, ifungwe.
Sina namba hiyo.
Nina sitini, na orodha ya mia nne na kumi
ya kufuta kwa mkono, kimoja kimoja:
hiki turubai, hiki kivuli, hiki
subiri.
Hiki sijui.
Kesho nitachukua gari niende nikakitazame.

Mhudumu amepita na kitambaa cha kufutia vioo.
Nimemwambia cha kwangu akiache.
Kina alama ya kidole.